Uyoga Uliozimika

Kaka Tatsuo,

Mifuko mitatu ya uyoga mkavu ilitoweka ghalani kwangu Alhamisi asubuhi. Ulidhani ni shiitake, ule uyoga mtamu wa kupikia, niliyokunyima. Kumbe ni uyoga-mwezi, ule wa sumu, niliouweka wa kuwafundishia wachumaji wangu.

Huku majani yameshakuwa mekundu. Mama yuko hospitali. Tangu jana jioni ametapika mara kumi na moja.

"Kaka yako aliuingiza kabatini, akafunga mlango, akachungulia," ameniambia. "Akacheka: 'Giza tupu, Mama! Kula, Fumie ni bahili tu.'"

Ndivyo Baba alivyotufundisha: unaowaka gizani usiule. Lakini Baba alisema uyoga mbichi, Kaka! Ndani yake mna kitu kinachotoa nuru kikikutana na hewa, na kimeng'enya ndicho kinachokiwasha. Mimi niliukausha kwa nyuzijoto sitini, kwa muda wa saa kumi na nane. Kimeng'enya kikafa, nuru ikazimika. Sumu ilibaki palepale, na kuchemsha hakuiondoi.

Mama alikula nusu ya mfuko mmoja; nusu nyingine nimeikuta jikoni kwake. Kesho mchana unawapikia watu arobaini supu ya magimbi na uyoga kando ya mto, watoto wakiwemo.

Niite bahili, mimi sitakuita mwizi. Simu umeizima, kwa hiyo natuma kwa faksi ya dukani kwako. Ikifika saa kumi na mbili leo jioni sina jibu, nawapigia polisi.

Mifuko miwili iliyobaki iko wapi?

Mdogo wako,
Fumie