Boti Uliyoinunua kwa Paa Letu

Mpendwa Mama Naomi,

Boti yako imezama. Usishtuke huko uliko, nimeizamisha mwenyewe, kwa makusudi, asubuhi ya leo, mbele ya watu. Niliisukuma majini bila kuziba ufa hata mmoja, maji yakaingia yenyewe, nami nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa nikiitazama inavyokwenda chini taratibu mpaka likabaki lile bati la chumba. Kunguru akaja kutua juu yake. Vijana wanaovua hapa Ziwa Kitangiri wananiangalia wakinong'onezana kwamba mzee kachanganyikiwa. Ungekuwepo ungewajibu wewe, na majibu yako wangeyabeba hadi Kiomboi.

Chanzo ni binti yako. Tangu ututoke, boti imekaa nchi kavu, na jua limezitenganisha mbao kiasi kwamba mjusi anapita katikati bila kujikunja. Naomi alikuja juzi kutoka Singida mjini, akaizunguka, akasema kuna mtu anazitaka mbao zake atengenezee kaunta ya duka.

"Baba, inaoza bure," aliniambia. "Angalau iwe kitu."

Nikamwambia ni kitu tayari. Tukabishana, na unajua tunavyobishana, ana mdomo wako na ubishi wangu. Mwisho tukakubaliana hivi: nikiirudisha majini ikakaa bila kuvuja, inabaki. Ikivuja, inakwenda kuwa kaunta na mimi nafunga mdomo. Jumamosi anakuja kuona. Basi nasubiri, na kwa kuwa sina wa kusubiri naye, nakuandikia wewe.

Leo nimekumbuka sana ile siku niliporudi kutoka kupachika milango ya shule. Ulinipokea mkoba wa vifaa, ukaniwekea maji ya kuoga, tena ya moto, kisha ukaniletea kuku. Kuku! Mgeni hakuwepo, Krismasi ilikuwa mbali. Nikajua kuna jambo. Nilikula paja la kwanza kwa wasiwasi, halafu nikainama kuchungulia uvunguni mwa kitanda, mahali mabati yetu yalipokuwa yamelala yakisubiri nyumba. Nikaona sakafu.

"Mama Naomi, mabati yako wapi?"

"Kula kwanza."

"Nimeuliza mabati."

"Yamekwenda kazini," ukasema, ukaniongezea mchuzi. "Nimenunua boti."

Mabati yale tuliyapata kwa kibali na kwa foleni, enzi ambazo hata msumari ulikuwa na wenyewe. Kuta za nyumba yetu zilikuwa zimesimama uchi zikiyangoja, na sisi tulikuwa tumejibanza kwenye chumba kimoja kwa mama yangu, Naomi akiwa bado ananyonya. Na wewe ulikuwa umeyatoa yote kwa Mzee Lameki, yule aliyekuwa mlinzi wa mradi wa samaki. Mradi ulipofungwa wakubwa waliondoka na injini, yeye wakamwachia boti kama kiinua mgongo. Akaifanya banda la kuku. Mzee alitaka paa, wewe ulitaka boti, mkapeana mikono.

Nilitaka kukasirika, nakwambia kweli. Lakini ulianza kueleza, na ukianza kueleza mtu husahau alichotaka.

"Juzi juzi tu sabuni tulikuwa tunagawiwa kipande kama dawa," ulisema. "Sasa ni ruksa, mjini vitu vimejaa mpaka barazani. Lakini watu wa ng'ambo ya ziwa wakitaka chumvi bado wanazunguka kutwa nzima kwa miguu. Sasa duka likiwafuata wao, je? Na ina chumba, Baba Naomi. Chumba chenye bati! Tutalala humo mpaka itulipie mabati mengine."

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda chake, akakunja mikono, akasema, "Mwanamke aliyetoa paa la mumewe akatafute kivuli kwao Ulemo. Mvua zikianza kabla hamjapata pa kulala, mimi mwenyewe nitamsindikiza." Naye hakuwa mtu wa kutania. Ulimwitikia, "Sawa, mama," kwa adabu zote, ukatoka nje. Nilikufuata, nikakukuta unatazama mawingu, na hakukuwa na wingu hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuogopa kukosa nyumba, maana nyumba ningejenga nyingine. Niliogopa kukukosa wewe.

Kesho yake tukaenda kuiona. Ilikuwa ndefu na nyembamba, imekonda kama mbuzi wa kiangazi, na ilinuka kuku kuliko kuku wenyewe. Chumba chake kule nyuma kilitosha kitanda na mtu mmoja kugeuka, wa pili asubiri. Ulizunguka ukiipapasa mbavu, ukaniambia, "Ona ilivyo nzuri," nami nikatazama kwa bidii sana nione unachokiona. Kuku mmoja alikuwa ametagia pale ambapo baadaye ulikuja kuweka mzani. Yai ukalichukua. Ulisema limo kwenye mapatano.

Tulifanya kazi kiangazi kizima. Nilibadilisha mbao zilizooza, wewe ukachambua pamba ya shambani kwetu, tukaichovya kwenye nta na kuishindilia kwenye nyufa kwa patasi. Ulipiga nyundo vibaya, unafahamu. Kuna kiraka upande wa kushoto ulichokipigilia kwa misumari mingi kuliko mbao yenyewe, na ukakataa nisikiguse. Ulikuwa unaimba nyimbo za kwaya huku umejaa nta mpaka kwenye nyusi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kazini, si kabla, si baadaye.

Ila tulikuwa wakulima na mimi seremala wa vitanda, kwa hiyo tulifanya kile ambacho watu wa nchi kavu tu wangefanya. Tuliianika. Mbao mbichi hupinda, kila seremala anajua, na nafaka ikihifadhiwa na unyevu huoza, kila mama anajua. Basi tuliiweka boti juani kama mtama, tukawa tunaigeuza upande huu na ule ikauke vizuri. Kila aliyepita alitusifu. Tulikuwa tunaziba ufa huu, kesho unafunguka mwingine, tunaziba tena, tunashangaa. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ni sisi wenyewe tunaoifungua.

Siku ya kuiingiza majini walikuja hadi watu wasiotupenda. Ng'ombe wa kaka yangu waliivuta juu ya magogo, na mama yangu alibebewa kigoda chake akakaa mbele kabisa. Ukaleta majivu ya jikoni kwenye ungo, ukayanyunyiza sakafuni mwa boti kila mahali.

"Ya nini hayo?" kaka aliuliza.

"Majivu yakilowa yanasema," ulimjibu. "Yakibaki makavu, yanasema pia."

Yalisema upesi. Yaligeuka uji kabla hata sijapanda, kisha uji ukaanza kutembea, kisha boti ikashuka chini kwa heshima zake zote mpaka likabaki bati la chumba. Kijiji kizima kilicheka. Mmoja akauliza kama duka letu ni la samaki kuja kununua. Mama yangu aliinuka, akachukua kigoda chake, akaondoka. Mimi nilisimama na maji magotini nikashindwa hata kutukana. Wewe ulikuwa umekaa matopeni, kitenge kimelowa, unacheka mpaka machozi. Nikafikiri ni kicheko. Nilipokaribia nikaona machozi mengine yalikuwa ya kweli.

Jioni tukakaa nje. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki, safari hii yalikuwepo kweli. Nilichukua jembe langu, mpini ulikuwa umelegea, likawa linazunguka. Nikafanya kama siku zote, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ulinitazama. Ukaitazama ndoo. Ukanitazama tena.

"Baba Naomi, kwa nini unaloweka jembe?"

"Mpini uvimbe, ushike."

Uliondoa kitambaa kichwani, ukakifunga upya, ukakaza. Kisha ukaanza kucheka, na safari ile kilikuwa kicheko kitupu.

Asubuhi watu walipokuja na kamba watusaidie kuitoa, uliwakatalia. "Iacheni, tumeiloweka," uliwaambia kwa sauti ya mtu aliyepanga tangu mwanzo. Walirudi kwao wakisikitika. Siku zile za kungoja ulikuwa unakwenda kila mara kuichungulia boti chini ya maji kama mtu anayechungulia maharage. Mvua ilisikika ng'ambo ya ziwa. Mama alikuwa ameshakufungia nguo zako kwenye khanga, kifurushi kiko mlangoni, na ulikuwa unakiruka kila ukiingia bila kukitazama.

Tuliivuta hadi kina kifupi na kuyakomba maji kwa sufuria. Ukaleta ungo wako. Ukanyunyiza majivu. Tuliisukuma majini, tukapanda, tukakaa tukitazama sakafu. Naomi mgongoni mwako alikuwa anapiga mapovu ya mate. Majivu hayakubadilika. Tukasubiri zaidi. Meupe, makavu, yanapeperuka ukipumua.

Mama alikuwa amefika, sijui nani alimwambia. Alivua ndala zake ufukweni, akazishika mkononi, akaingia majini, akapanda. Alipita akikanyaga kila pembe kwa unyayo mtupu. Kisha akaketi na kuuliza, "Sukari unayo?"

"Bado, mama. Wiki ijayo."

"Basi niwekee." Na jioni kile kifurushi kilikuwa kimefunguliwa, nguo zako zimerudishwa kwenye kamba, zimekunjwa vizuri kuliko ulivyokuwa unazikunja wewe.

Mvua zile tulizisikilizia ndani ya chumba chetu cha bati, sisi watatu kwenye kitanda kimoja, maji juu na maji chini, sisi katikati wakavu. Naomi alijifunza kutembea humo, ndiyo maana alipofika nchi kavu alikuwa anatanua miguu kama mlevi mpaka watu wakauliza ana nini. Nilishika pondo nikiisukuma boti, wewe ukagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko, na watu wakashuka ufukweni wakikimbia. Sabuni, chumvi, betri, mafuta ya taa, mitumba uliyokuwa unaivaa kwanza wewe ili wanawake waone inavyokaa. Mara moja kiboko aliibuka karibu yetu, ukamkaripia kama mteja asiyepanga foleni, akazama. Boti ikatulipia mabati, mengi kuliko yale, na mama yangu ndiye aliyelala wa kwanza chini ya mabati hayo. Wewe siku za mvua ulikuwa unaniambia, "Twende tukalale kwetu," tukaiacha nyumba yenye mabati mapya, tukaenda.

Niliacha kalamu hapo, nimeishika tena leo Jumamosi.

Naomi alifika na basi la asubuhi, amevaa viatu vya mjini. Hakunisalimia kwa mzaha kama kawaida yake, alisema "Shikamoo, baba" kwa sauti ndogo, akavua saa yake na kushika sufuria. Tulikomba maji pamoja. Wale vijana wa kunong'ona waliingia nao, wakasaidia. Kisha alifungua mkoba wake akatoa mfuko wa nailoni. Ulikuwa na majivu. Ameyabeba kutoka jikoni kwake mjini, Mama Naomi, kwenye basi. Mimi nilikuwa nimeyasahau.

Akanyunyiza. Tukapanda, tukakaa, yeye upande wako, penye kile kiraka chako cha misumari. Nilikuwa natazama sakafu na yeye alikuwa ananitazama mimi. Upepo ulipita juu ya maji, boti ikayumba kidogo, ikatulia. Alivua viatu vyake vya mjini, akasimama, akaanza kukanyaga kila pembe kwa unyayo mtupu. Kisha akaketi.

"Baba," akasema, "sukari unayo?"

Nililia, mke wangu, na nikacheka, kama wewe matopeni siku ile. Nilipoweza kusema nikamwambia wiki ijayo.

Pumzika vizuri. Nakupenda sasa kama nilivyokupenda nikila kuku wako kwa hofu. Nakuandikia haya nikiwa kwetu, chumbani, jua linakwenda kuzama, na nimeinama kutazama chini. Majivu bado ni makavu.

Mumeo,
Baba Naomi