Dawa ya Bi. Opal Kabla ya Jumapili

KAMATI YA WENYE MAUMIVU YA KUDUMU, SORREL FORK, KENTUCKY

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMANNE, TAREHE 20 MEI 2025, KATIKA CHUMBA CHA CHINI CHA KANISA, KUANZIA SAA 9:00 ALASIRI

WALIOHUDHURIA KWA KUKETI
1. Bi. Opal Gayheart – Mjumbe (pamoja na mto wake wa nyumbani)
2. Bi. Delphia Slone – Katibu

ALIYEHUDHURIA KWA KUSIMAMA
3. Bw. Denzil Fugate – Mwenyekiti

ALIYEHUDHURIA KWA KULALA
4. Bw. Arlie Sizemore – Mjumbe (zuliani, kando ya piano)

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
5. Bi. Verna Caudill – Mjumbe (yuko ndani ya gari lake, kwenye foleni ya dirisha la duka la dawa linalohudumia walio garini, tangu saa 6:00 mchana)

MWALIKWA
6. Bi. Corinne Hatcher – Mfamasia, Duka la Dawa la Pinder (tazama KUMB. NA. 5/25)

KUMB. NA. 1/25: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, kisha akaanza kueleza jinsi jiwe la dari ya mgodi lilivyomwangukia mwaka 1987. Katibu alimkumbusha kwamba maelezo hayo yamo katika kumbukumbu za vikao tisa vilivyopita na hayajabadilika, ila jiwe ndilo linalozidi kukua. Mwenyekiti alisema Katibu ana ulimi. Ilikubaliwa kuendelea.

Bw. Arlie, kutoka zuliani, alitoa hoja kwamba viti vya chuma vya chumba hiki viondolewe na kamati itafutiwe viti vyenye sponji. Hoja hii ina umri wa miaka mitatu. Iliahirishwa.

KUMB. NA. 2/25: HALI YA BI. OPAL

Katibu alieleza kwamba Bi. Opal, mwenye miaka 71, ana pingili tatu za mgongo zilizofungwa kwa skrubu. Kwa miaka kumi na moja ametumia dawa ile ile, kipimo kile kile, kwa daktari yule yule. Ni dawa inayodhibitiwa. Haitolewi mapema, na hakuna duka linalokubali kusema kwenye simu kama linayo au halina. Cheti cha dawa hutumwa na daktari kwa kompyuta kwenye duka moja tu. Duka hilo likisema halina, daktari hana budi kukifuta na kukituma kwingine, na ili afanye hivyo lazima mtu apige simu ofisini kwake, na ili simu hiyo ipokelewe lazima mtu awe amejaliwa umri mrefu.

Vidonge vya Bi. Opal vitakwisha Alhamisi. Jumapili ni siku ya kupamba makaburi. Mumewe, marehemu Burl, alizikwa Novemba huko juu kwenye makaburi ya akina Gayheart, ambako gari halifiki. Ni njia ya miguu, mwinuko mtupu, robo saa kwa mwenye afya. Bi. Opal hajakosa siku hiyo tangu aolewe. Miaka yote Burl alitangulia na reki begani, na mwaka huu ndiye anayekwenda kupambiwa.

Mwenyekiti alipendekeza vijana wanne wambebe kwenye kiti. Bi. Opal alijibu, "Denzil, mimi si kabati. Nataka dawa yangu, nipande mwenyewe." Katibu aliguswa, na anaandika hivyo bila kuona haya.

KUMB. NA. 3/25: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Kikao cha tarehe 13 Mei kilimtuma Mwenyekiti kwenda kwa gari lake kwenye maduka yote manne ya kaunti, ana kwa ana, kuuliza ni lipi lenye dawa ya Bi. Opal, ili daktari atumiwe jina la duka hilo. Katibu aliuliza kama alikwenda.

Mwenyekiti alieleza kwamba mgongo ulimkataza kuendesha gari, hivyo alitumia busara. Katibu aliomba busara hiyo ifafanuliwe.

Mwenyekiti alifafanua kwamba Jumapili jioni aliliingiza suala hilo katika mnyororo wa maombi wa kanisa. Mnyororo huo tunaujua: mtu akiugua, wa kwanza huwapigia simu wawili, kila mmoja wao wawili wengine, na kabla kahawa haijapoa kaunti nzima imepiga magoti. Mwenyekiti aliwaambia wale wawili wa mwanzo kwamba maduka yaulizwe kuhusu dawa ya Opal. Hakusema nani aulize. Kwa hiyo waliuliza wote.

Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, Duka la Pinder peke yake lilipokea simu thelathini na nne, zote zikitaja dawa moja, kipimo kimoja na jina moja, la Opal Gayheart. Mchungaji alipiga mara mbili. Bikizee mmoja wa Kijito cha Juu alitaka na mfamasia naye aombewe. Kufikia mchana maduka yote manne yalikuwa yameonyana kwamba kuna genge la wezi wa dawa, na jina la Bi. Opal likawekewa alama ya tahadhari kila mahali. Cheti chake, ambacho daktari alikuwa amekwisha kukituma Pinder kama kawaida, kikazuiwa.

Katibu alisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwenyekiti alisema nia yake ilikuwa njema. Bw. Arlie aliuliza, "Denzil, hivi lile jiwe la 1987 lilikupiga mgongoni tu?" Mwenyekiti alitaka maneno hayo yafutwe. Yameandikwa hapa ili ijulikane ni maneno gani yaliyotakiwa kufutwa.

Bi. Opal alisema amemsamehe Mwenyekiti, kwa sharti kwamba siku atakayokufa yeye Opal, Denzil awe wa mwisho kuambiwa.

KUMB. NA. 4/25: SIMU KWA DAKTARI

Saa 9:20 iliamuliwa ofisi ya daktari ipigiwe, ithibitishe kwamba Bi. Opal ni mgonjwa wake na si genge. Simu ya Mwenyekiti iliwekwa mezani na spika kufunguliwa. Sauti ilisema sisi ni wa kumi na nne kwenye foleni, kisha ukaja muziki wa vinanda. Kikao kiliendelea juu ya muziki huo. Tulipokuwa wa tisa, Bw. Arlie alilala usingizi.

Saa 9:46 tulikuwa wa kwanza. Mwenyekiti aliisogelea simu na kusafisha koo. Msichana wa mapokezi alipokea na kuuliza shida ni nini. Mwenyekiti akaanza, "Binti yangu, mwaka 1987..."

Simu ilikatika. Haikuweza kujulikana ilikatwa upande gani. Katibu ana maoni yake. Ilipigwa tena, tukawa wa kumi na saba.

KUMB. NA. 5/25: MAELEZO YA MFAMASIA

Bi. Corinne Hatcher aliingia saa 9:50, akiwa amelifunga duka kwa saa moja. Alikuwa amealikwa na Katibu kwa barua ya mkono, si kwa simu, na sababu zinaeleweka. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini, aliyehamia hapa Februari kutoka Lexington. Aliingia amekunja mikono kifuani na kuuliza kiongozi wa genge ni nani. Mwenyekiti alinyoosha mkono.

Alipewa kiti cha chuma na kipande cha pai ya tufaha. Alikataa pai, akisema haruhusiwi kupokea kitu kwa wagonjwa. Pai iliwekwa mbele yake vilevile, kwa kuwa hapa mgeni haulizwi.

Bi. Corinne alieleza kwamba msambazaji hulipatia kila duka mgao wa mwezi wa dawa za namna hii, na duka likiagiza zaidi huanza kuhojiwa. Alisema yeye haoni mtu, huona jina kwenye kompyuta, na jina hilo Jumatatu lilimjia mara thelathini na nne. Alisema yuko peke yake kaunta siku sita kwa wiki, na usiku huota anahesabu vidonge. Kisha akamgeukia Bi. Opal.

"Mama, nikimpa asiyestahili, leseni yangu inakwenda. Nikimnyima anayestahili, hakuna anayeniuliza kitu."

 Simu ilisema sisi ni wa kumi na mbili. Bw. Arlie, aliyedhaniwa amelala, alisema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Bi. Opal aliweka mto wake vizuri. "Basi mimi nakuuliza, mwanangu. Kwa nini umeninyima? Delphia, andika kwamba ameulizwa."

Inaandikwa: Jumanne, tarehe 20 Mei 2025, saa 10:05 jioni, Bi. Opal Gayheart alimuuliza Bi. Corinne Hatcher kwa nini amemnyima dawa.

Bi. Corinne aliitazama kalamu ya Katibu. Alisema hana jibu ambalo angependa liandikwe. Katibu alimshukuru, na ameliandika hilo.

Bi. Corinne aliuliza kama kuna aliyezungumza na daktari. Alionyeshwa simu ya mezani. Tulikuwa wa kumi na moja. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni na kubonyeza namba nyingine. Ilipokelewa mlio wa pili. Katika miaka yote ya kamati hii hakuna mjumbe aliyejua kwamba namba hiyo ipo. Alizungumza dakika nne, akaandika maneno mawili matatu mkononi, akaaga. Alieleza kwamba namba hiyo ni ya wafamasia tu. Mwenyekiti, aliyekuwa akichungulia juu ya bega lake, alionywa.

Iliamuliwa ifuatavyo:

(a) Bi. Corinne ataiondoa alama ya tahadhari leo hii, na atayapigia maduka mengine matatu.

(b) Mzigo wa msambazaji hufika Ijumaa jioni. Dawa itakuwa tayari Jumamosi saa 3:00 asubuhi.

(c) Bi. Opal aliulizwa atavukaje kati ya Alhamisi na Jumamosi. Alijibu kwamba tangu wiki iliyopita anakata vidonge nusu, hivyo vitamfikisha. Hakuna aliyekuwa na habari. Katibu hunywa naye kahawa kila asubuhi na hakujua, na jambo hilo limemuuma.

(d) Mwenyekiti asiitangaze habari hii njema katika mnyororo wowote. Kura tatu zilikubali, moja ilipinga. Aliyepinga anajulikana.

Bi. Corinne alipoinuka alijishika kiuno na kunyoosha mgongo kwa shida. Bw. Arlie alimuuliza kama ana maoni yoyote kuhusu viti. Mwalikwa hana kura, lakini maoni yake yalisikilizwa, na hoja ya viti vyenye sponji ilipita. Mwalikwa aliondoka saa 10:25. Pai haikuonekana tena mezani.

KUMB. NA. 6/25: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa 10:32 jioni. Viti vilipokuwa vikikunjwa, simu ya mezani ilitangaza kwamba sisi ni wa pili, na kwamba ofisi imefungwa.

MAREKEBISHO KABLA YA SAINI (Jumanne, tarehe 27 Mei 2025)

Katibu alisomea wajumbe kumbukumbu hizi na kuongeza kwamba dawa ilipatikana Jumamosi saa 3:40 asubuhi, na kwamba Jumapili Bi. Opal alifika kwenye kaburi la mumewe akisaidiwa na majirani wawili.

Bi. Opal alipinga neno "akisaidiwa". Alisema majirani walibeba ndoo ya maua na reki, hawakumbeba yeye. Alitaka iandikwe kwamba alipanda kwa miguu yake na kupumzika mara tatu.

Katibu aliuliza kama mara hizo tatu zote zilitokana na mgongo.

"Mbili za mgongo," Bi. Opal alisema. "Ya tatu niliona jiwe la Burl, nikalia kidogo. Hiyo haitaki cheti."

Marekebisho yalikubaliwa na wajumbe wote.

(Saini) Denzil Fugate, Mwenyekiti – ametia saini akiwa amesimama, viti vipya bado havijafika
(Saini) Delphia Slone, Katibu