Ustaz Enoka, Vitabu Vyako Havimo Kabatini

Ustaz Enoka,

Walikuzika vizuri sana, kama wenyewe wanavyosema. Kulikuwa na mahema, viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, na spika zilizosikika mpaka barabarani. Kamati ya mazishi ilivaa fulana zenye jina lako na picha yako ya zamani, ukiwa bado na nywele, hata mama hakukutambua. Mwenyekiti wao alikuita nguzo ya kanisa. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikajiuliza ni nguzo gani hiyo iliyokohoa msimu mzima wa mvua katika chumba cha mabati hapa kambini Mangateen, na hakuna hata mmoja wa wale wenye fulana aliyebisha hodi. Msemaji mmoja ilimbidi asome jina lako kwenye kifua cha mwenzake.

Sikulia. Nililia baadaye, nikiwa nafua.

Nakuandikia habari ya vitabu, kwa sababu najua ndiyo utakayoulizia kwanza.

Siku ya kwanza nilipokuona tulikuwa tumetoka Nakuru si muda mrefu. Mama alikuwa amepata kazi ya kufua hotelini, na mimi sikuwa na rafiki hata mmoja hapa Juba, wala sikujua kwamba huku mwalimu yeyote huitwa ustaz. Ulikuwa umekaa kwenye rakuba yako, chini ya kile kivuli cha turubai, na mbele yako kulikuwa na karatasi kuukuu zilizofungwa mafungu mafungu kwa uzi wa gunia. Nilidhani unauza karatasi za kufungia njugu, nikakuuliza bei. Uliniangalia juu ya miwani.

"Hii iko ya njugu, ndiyo," ukasema. "Lakini mwenye kula njugu lazima asome kwanza."

Ukacheka peke yako. Mimi nilikuwa naringia Kiswahili changu cha shule, na hicho chako cha ukimbizini Uganda kikanichekesha. Kisha ukanyoosha fungu moja. "Wewe iko na mikono safi? Soma." Kilikuwa Kiingereza kigumu, kitabu cha kuufafanua unabii wa Yeremia, pale alipotupwa kisimani. Nilisoma huku ukinisahihisha, mpaka fungu likaisha katikati ya sentensi. Nikauliza kinachofuata kiko wapi.

"Iko Sherikat, kwa Nyandeng. Nenda, uliza yeye."

Nikaenda mpaka mtaa huo, ng'ambo ya mto. Hivyo ndivyo nilivyompata rafiki.

Sababu ya kuvikata vitabu ulinieleza polepole, maana hukupenda kuisimulia vita kama watu wanavyosimulia mpira. Chuo chenu cha Biblia kilipochomwa, mliingia porini wewe na wanafunzi wako. Vitabu vilikuwa vichache na vizito. Mkavikata kwa wembe, kila mtu akabeba fungu lake ndani ya mfuko wa unga, ili mtu akipotea, kisipotee kitabu kizima. Mchana mlilala mashimoni ndege zikipita juu. Jioni mlichemsha majani, mkayala bila chumvi, kisha mkasoma kwa zamu, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize fungu lake. Mmoja wa wanafunzi wale, Lino, alizama mtoni na fungu lake. Tangu hapo, kila uliposoma kitabu kile ukafika pale pa Lino, ulinyamaza kwa muda ambao kurasa zile zingechukua, halafu ukaendelea na fungu linalofuata. Nilikuuliza kwa nini usitafute kitabu kingine kilicho kizima.

"Kingine iko mingi dukani," ulisema. "Hii iko ya Lino."

Hapa Juba pia uliendelea hivyo hivyo. Ulisema mtu anaweza kuamka asubuhi akalazimika kukimbia, na sisi wa kambini hatukuhitaji kuelezwa. Basi ulipofariki, mafungu ya vitabu vyako yalikuwa mikononi mwetu: mengine kwangu, mengine Sherikat kwa Nyandeng, mengine mtaa wa Lemon Gaba kwa Keji, mwenzetu mwingine.

Mazishi yalipoisha, Mwenyekiti alikuja chumbani kwako na pikapu iliyobeba kabati la vioo. Alichokikuta ni majalada matupu, kwa sababu majalada hukuyagawa, ulikuwa umeyapanga ukutani. Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima. "Kuna watoto wa kambini wamechukua mali ya kanisa," alisema. "Warudishe wenyewe kabla hatujawataja majina."

Sisi. Tuliokuletea uji.

Alikuja mpaka nyumbani. Mama alimpa chai, naye akakikagua kikombe kwanza. Aliongea na mimi kwa sauti ile ya watu wakubwa wanapoongea na mtoto mbele ya wageni.

"Binti yangu, vitabu vya mtu mkubwa haviwezi kukaa chini ya kitanda."

Nikamwuliza, vikikaa kabatini vitasomwa siku gani.

Alimgeukia mama. "Huyu wenu wa Kenya anauliza sana. Vitabu vile ni vya kumbukumbu, mama, si vya kusoma."

Nimekutana na watu wasiojua kusoma, Ustaz, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema jambo la kijinga namna hiyo. Nilimjibu kwa adabu, kama ulivyotufundisha, kwamba fungu langu sitalitoa. Akasema basi kwaya ya vijana nisahau. Alipoondoka, mama akasema, "Sauti yako hata hivyo haikuwa ya kwaya." Akamwaga chai iliyobaki.

Usiku ule niliogopa, sitakuficha. Sikuogopa kwaya. Niliogopa kwamba wenzangu watarudisha, kisha kufuli itafungwa, na sisi tutakuwa tunakwenda kuangalia migongo ya vitabu kupitia kioo kama watu wanaotazama mikate. Lakini Nyandeng hakurudisha. Keji alipigwa na kaka yake, naye hakurudisha.

Juzijuzi wakalizindua kabati. Utepe ulikatwa, wageni kutoka ofisi kubwa wakaja na magari yao. Tukaingia na sisi, tukasimama nyuma kabisa. Vitabu vyako vilikuwa vimejaa mle ndani, vinene, vimesimama wima, nikadhani kuna mwenzetu aliyetuuza. Nikasogea karibu na kioo. Kwenye pindo la jalada moja niliona kipande cha tangazo la simu.

Walikuwa wamejaza magazeti, Ustaz. Majalada yako yote wameyajaza magazeti.

Wageni walipiga picha mbele yake. Mmoja aliweka mkono kwenye kioo, akasema angetamani apate wakati avisome vyote. Hakuomba ufunguo. Mwenyekiti aliniona nikiangalia pale pindoni, akaanza kuirekebisha tai yake ambayo haikuwa na kasoro. Nyandeng akaninong'oneza, "Wallahi, hata gazeti leo limewekwa wakfu."

Ningeweza kusema, nikaamua nisiseme. Wale watu walikuwa wamepata walichokuja kukitafuta, na tangu siku ile hakuna aliyetuulizia mafungu tena. Kamati imevunjwa kwa kushukuriana. Sikujua kwamba majivuno ya mtu yanaweza kumlinda mwenzake hivi.

Pumzika, Ustaz. Siwezi kukuahidi kwamba nitawaheshimu; labda nikikua. Lakini Jumamosi kuna msichana mgeni anakuja, wamekimbia kutoka Bentiu, na Kiingereza chake bado kinakwama. Nitasoma naye. Kisha nitampa fungu langu aende nalo kwao, ingawa sijui wanalala wapi, wala kama wiki ijayo watakuwa bado wapo. Nimekaa na wazo hilo tangu jana na mikono haitaki kabisa. Nitampa.

Mwanafunzi wako,
Achol