Meza Zisizo na Namba

Jumatatu, 3 Juni

Nimeteuliwa! Baba ametangaza sebuleni, mbele ya wote, kwamba kila kitu cha karatasi katika harusi ya Dada kitakuwa chini yangu: kadi za mwaliko, bahasha, ratiba ya sherehe, na vikadi vya majina vitakavyowekwa mezani. Niliinama kidogo, nikashukuru kwa imani kubwa niliyopewa. Dada alisema nimeshukuru kama balozi. Acha acheke. Yeye anaolewa, mimi natafuta kazi.

Maana jambo lenyewe ni hili, nami naliandika hapa tu: mjomba wa bwana harusi ndiye Mkurugenzi wa ile ofisi ya maji nilikopeleka maombi ya nafasi ya afisa uhusiano. Barua yangu imekaa kwao hadi huenda imeota mizizi. Vema. Kama hakusoma barua, atasoma kadi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa mpiga chapa. Chumba chembamba, harufu ya wino na gundi, mashine inayokohoa kama mzee aliyepaliwa. Nikamweleza kuwa nahitaji karatasi ya rangi ya maziwa, yenye hadhi isiyopiga kelele. Akasema hadhi hana — ana gramu mia tatu. Nikachukua hiyo karatasi nene ya gramu mia tatu.

Dada amedai jambo moja tu: herufi ambazo Bibi atazisoma bila miwani. Mimi nilikuwa nimechagua herufi zenye mikia. Mikia imekatwa.

Jumapili, 30 Juni

Kadi za mwaliko zimeshasambazwa, na sifa zinanifikia hadi sokoni. Bibi aliisoma yake akiwa upande wa pili wa chumba, kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akauliza ni nani anayeolewa.

Leo kikao cha familia kuhusu ukumbi. Vita! Nani ataketi Meza Namba Moja? Upande mmoja Shangazi, dada yake Baba. Upande wa pili Mama Mkubwa, dada yake Mama.

"Bibi harusi ni damu ya kaka yangu," akasema Shangazi.

"Na hiyo damu ya kaka yako ilitunzwa wapi miezi tisa?" akauliza Mama Mkubwa. "Kwenye mtungi?"

Baba akatoka kwenda kutazama bomba linalovuja. Hatuna bomba linalovuja.

Hapo nikainuka. "Waheshimiwa wazazi," nikaanza — na naamini nilianza vizuri — nikapendekeza tufute namba kabisa. Kila meza iitwe kwa jina la ua. Maua hayana wa kwanza wala wa pili. Makofi! Shangazi mwenyewe akakiri: kumbe huyu Digrii hakwenda chuoni kulala tu. Jina hilo la Digrii silipendi, ila leo lilitamkwa kwa heshima.

Jumatano, 3 Julai

Maua yana wa kwanza na wa pili.

Shangazi amepiga simu kabla sijanawa uso.

"Digrii, hilo Yungiyungi ulikoniweka, linaota wapi?"

"Majini, Shangazi."

"Majini. Pamoja na nani?"

Nikafungua orodha ya wageni wa meza ile.

"Pamoja na vyura, mwanangu. Nimeuliza watu. Shangazi yako mzima, umemweka na vyura."

Simu haijapoa, Mama Mkubwa huyo mlangoni. Yeye yuko meza ya Alizeti. Anataka kufahamu kama ameonekana mtu wa kukamuliwa mafuta.

Ilinibidi niume shavu nisicheke. Lakini nilihofu pia: wakianza upya, Baba atanivua wadhifa, na Mkurugenzi atanijua kama yule binti aliyevuruga harusi. Kwa hiyo nilimvuta Mama Mkubwa pembeni nikamnong'oneza kwamba, kwa siri kubwa, Alizeti ndiyo meza kuu. Ni ua pekee linalosalimiana na jua uso kwa uso. Akajinyoosha pale pale. Kisha nikampigia Shangazi. Kwa siri kubwa vilevile: Yungiyungi, kwa wataalamu, ni malkia wa maua, ndiyo maana limezungukwa na maji, lisiguswe ovyo.

"Na vyura?"

"Walinzi, Shangazi."

Kila mmoja ameniapia kwamba hatamwambia mtu. Nadhani hii ndiyo kazi yenyewe ya afisa uhusiano.

Meza kuu halisi, bila shaka, ni Waridi. Pale ataketi Mkurugenzi. Na kando yake — kwa sababu za kiutendaji — nitaketi mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimesaini nakala ya mwisho ya vikadi. Mpiga chapa alivipitia kimoja kimoja, akasita kwenye changu. Akauliza mbona hiki peke yake kina cheo chini ya jina. (Mratibu wa Machapisho. Herufi za wastani tu.) Nikamfahamisha kuwa vyeo vya wengine ni virefu, nafasi haitoshi.

"Hata cha Mkurugenzi?"

"Yeye anajulikana."

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Alicheka hadi akazima mashine.

Jumanne, 23 Julai

Ratiba na vikadi vimefika! Ratiba nimeagiza ziwe ngumu, ukumbi ukiwa na joto watu wajipepee. Hili halikuwa wazo la mtu mwingine, na iandikwe hivyo.

Boksi la vikadi niliacha chumbani, nikaenda kupokea maua. Niliporudi, utepe wake ulikuwa umefungwa vizuri kuliko nilivyoufunga mimi.

Nikaenda jikoni. Na huko — Shangazi na Mama Mkubwa, benchi moja, wanamenya vitunguu na kucheka! Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wamekaa. Na wakanyamaza nilipoingia.

"Shikamooni."

"Marahaba, Mratibu," akajibu Shangazi.

Cheo hicho sijapata kumtajia.

Mama Mkubwa akamuuliza mwenzake, kwa upole wa kutisha, kama amesikia kuna watu huamkiana na jua. Shangazi akasema ya jua hayajui, labda wawaulize walinzi wake. Wakacheka hadi kisu kikaanguka. Nilitoka kinyumenyume.

Jumamosi, 27 Julai

Naandika nyuma ya ratiba, magotini, chini ya kitambaa cha meza. Peni nimeazima kwa mhudumu. Siwezi kusubiri hadi nyumbani.

Asubuhi nilipanga vikadi kwa mkono wangu, kila kimoja sambamba na uma. Nikaenda kumsaidia Dada na gauni. Tuliporudi ukumbini wageni walikuwa wameshaketi, na waliketi walikoambiwa na karatasi. Mimi niko Yungiyungi, kando ya mlango wa jikoni, kwenye kiti cha Shangazi. Kila sahani inayotoka inapita juu ya kichwa changu.

Kule Waridi, Mkurugenzi amekaa katikati. Kulia kwake Shangazi. Kushoto kwake, kwenye kiti changu, Mama Mkubwa.

Na mbele yangu kipo kikadi changu. Jina limebaki. Cheo kimepigwa mstari, na chini yake, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa Mama Mkubwa ninaoufahamu tangu chekechea: Chura Mkuu.

Dada amepita na shela lake, akainama kana kwamba ananibusu. "Umependeza, Chura."

Ukumbi mzima unajipepea kwa ratiba zangu. Zinafaa sana. Hakuna aliyegundua.

Shangazi anasimulia. Naona mikono: hapa maji, hapa vyura. Mama Mkubwa anadakia: hapa jua. Mkurugenzi ameacha kula. Ameweka uma chini. Bega linatikisika — anacheka au anakohoa? Anauliza kitu. Na hao mama zangu wawili, ambao tangu nizaliwe hawajawahi kukubaliana hata kuhusu mvua, wameinua ratiba kwa pamoja na kunielekezea mimi.

Amesimama. Anafunga kifungo cha koti. Anakuja huku, na uso wake hausomeki, mjomba wa watu.

Ameshapita Alizeti. Kikadi naweza kukiingiza chini ya sahani, mkono umeshafika. Lakini Shangazi anatazama, Mama Mkubwa amesimama juu ya vidole ili aone vizuri, na — niseme kweli — mwandiko umekaa katikati barabara, herufi hazina mikia, hata Bibi angeusoma kutoka huko aliko. Mkono nimeurudisha.

Anatoa miwani mfukoni. Barua yangu hakuisoma; kikadi anakisoma.