Kumbukumbu ya Evelio Montalvo, Bingwa wa Kuba, Wala Si wa Jamaika

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke hapa mtaani La Rochelle, Johannesburg, na kwa masikitiko makubwa tunakuarifu kwamba umebadilishwa uraia. Wenzako wanapanga foleni uhamiaji miaka nenda miaka rudi. Wewe umepewa Ujamaika ukiwa kaburini, bila hata picha ya pasipoti.

Ulizaliwa Camagüey, ukajifunza kukimbia kwenye njia ya nyuma ya kiwanda cha sukari. Mara tatu ulikuwa bingwa wa Kuba wa mita mia mbili. Msuli wa paja ulipokatika, ukaja huku Johannesburg kufundisha, ukamwoa Mama, na Kiswahili chake cha Tanga ukakizungumza kwa ngurumo ya pikipiki inayokataa kuwaka.

Ulikuwa mpole. Kila jioni ulikusanya watoto wa mtaa, wa Kikongo na wa Kitanzania, ukawafundisha kupokezana kijiti. Kijiti chenyewe kilikuwa mwiko wa Mama wa kusongea ugali. Siku hizo tulikula wali. Lakini ukivuka barabara kwenye robot, zile taa za magari, hukukimbia hata taa ikibadilika. "Mimi hukimbia nikishangiliwa," ulisema, huku madereva wakikupigia honi.

Klabu uliyoianzisha ikaandaa mbio za kukuenzi. Katibu wake, Bwana Théodore, alikuja nyumbani kuazima medali yako, na bango mkononi: "Mbio za Mjamaika Wetu".

"Mama Yasini, usikasirike. Hapa mtu mwenye mbio wote wanamwita Mjamaika. Kuba, Jamaika, si visiwa vya kule kule?"

"Na wewe ukifa tutangaze amekufa Mrundi? Si kule kule?"

Bwana Théodore, Mkongo mzaliwa wa Bukavu, aliinuka kitini. "Ah non, mama! Hapo umenitukana."

"Umeona?"

"Eish, lakini mabango yameshachapwa."

Medali hakupewa. Chai alipewa, maana Mama ni mtu wa Tanga.

Tumekasirika, Baba. Ulikimbia ujana wako wote na jina la Kuba kifuani. Wajamaika uliwashinda, wakakushinda. Hukuwahi kuwa mmoja wao. Na ni nani mtaani kwetu asiyejua uchungu wa kuitwa mtu wa kwingine?

Jumamosi ya mbio, watoto uliowafundisha walijipanga kwenye mstari, mmoja wao, Benita, akiwa katikati. Filimbi ikalia. Hakuna aliyetoka. Ikalia tena.

"Kuna nini?" Bwana Théodore akauliza kwenye kipaza sauti.

"Tunangoja jina la kocha," Benita akajibu. "Na nchi yake."

Wazazi wakatazamana. Hakuna aliyewaambia watoto wakimbie. Mwishowe kipaza sauti kikakohoa.

"Evelio Montalvo. Wa Kuba."

Wakachomoka wote pamoja, vumbi likamfunika katibu na bango lake.

Unakumbukwa na mkeo Mayasa, wanao Yasini na Sumaiya, na shemeji yako Ishaka. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau kamwe, wala hatutakubali ukumbukwe kimakosa.