Pad ya Mbao

Kaptembwo, Nakuru
Jumapili

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Natumaini goti limepunguza maumivu na yule ng'ombe mwenye kichwa kigumu amekubali kukamuliwa bila kumwaga maziwa. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii, na sababu unaijua. Naandika kwa sababu simu unaikata kila nikitaja jina la Kimani. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Siku ile nilipokwambia Kimani anataka kunioa, ulisema maneno mawili tu, "Mikono je?", halafu simu ikafa. Nimekuwa nikiyatafuna maneno hayo tangu siku hiyo. Ndiyo, Baba, Kimani aliungua kwenye ule moto wa tanki la mafuta pale Sachangwan. Alikuwa kijana wa shule, alikwenda na mtungi kuchota mafuta yaliyomwagika kama wenzake, na sitakudanganya kwamba alikwenda kuokoa mtu. Vidole vya kushoto vilishikana vikawa kitu kimoja. Mkono wa kulia ulibaki na kidole gumba na nusu ya kidole cha pili. Leo ananunua viazi mashambani Mau Narok na kuvileta Nakuru kwa lori, anajilisha mwenyewe, na wakulima wa kule hawamchezei. Lakini mikono yake huishi mifukoni mwa jaketi. Watu wakimsalimia humgusa kiwiko, na yeye amewazoea hivyo.

Sasa nikwambie lililotokea hapa kwenye banda langu la gemu, kisha uamue.

Maisha yako yote ulikataa kununua kitu kisicho na skrubu. Basi ungeipenda hii mashine yangu kubwa ya kuchezea gemu, ile PS nyeusi nene ya zamani. Ni nzito kama tofali. Ndani ina mabati na nafasi ya kuingiza mkono, hata wameacha mahali pa kuweka hadidiski. Nimeifungua mara nyingi mpaka skrubu zimelainika vichwa. Nimeibadilisha lenzi, nimeiwekea chip, na siku hizi huilaza kifudifudi kwa sababu hivyo ndivyo inavyosoma diski vizuri. Imeanguka, imemwagiwa chai, imepitia radi iliyoua televisheni mbili, na bado inawaka. Hizi mpya ni nzuri kwa macho, sizisemi vibaya, lakini ndani kila kitu ni kidogo kama punje ya mtama na chuma changu cha kuchomelea waya hakina pa kuingia.

Kimani alikuwa bingwa wa gemu ya mpira kule Molo kabla ya moto. Jumamosi, lori likishushwa mzigo, huja kusimama mlangoni kwangu, anatazama wenzake wakicheza huku akiuma mdomo. Haingii. Mimi nikasema, kwa nini asicheze? Nikachukua pad ya zamani, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe, nikakipasua. Nikavuta waya kutoka kila kitufe mpaka kwenye ubao wa saipresi, nikafunga swichi za kengele za mlango, kubwa kubwa, moja huku nyingine kule. Nilijiona fundi kweli.

Alipouona aliutazama kwa muda mrefu. "Nafula, hii ni ya mtoto wa nursery," akasema. "Uliniuliza?"

Akaondoka. Lori likaja Jumamosi iliyofuata bila yeye. Nilikasirika, Baba, acha nikwambie ukweli. Nilikuwa nimeunguza vidole kwa ajili yake, na mtu hata asante hana. Kisha hasira ikaisha nikabaki na woga, kwa sababu nilijua mtu wa namna ile akirudi mifukoni harudi nje tena.

Alirudi na kipande cha katoni. Alikuwa amepaka mikono yake rangi ya kuwekea magunia alama, akaibandika pale jinsi inavyopenda kulala, halafu akaweka misalaba. "Hapa nina nguvu. Hapa sina. Hapa nina kasi kuliko wewe. Sasa unda." Nikaunda upya, vitufe vidogo vimekaribiana, viwili chini ya ukingo wa kiganja na kimoja chini ya kifundo cha mkono.

Jumamosi iliyopita banda lilijaa. Sheria ya hapa ni kwamba anayeshinda anakaa, anayeshindwa anaachia kiti, na ukisimamisha mechi katikati umepoteza. Aliyekuwa amekaa tangu mchana ni kijana wa bodaboda tunayemwita Chairman, mdomo wake haulali. Kimani akaingia, akaketi, akatoa mikono mifukoni na kuiweka kwenye ubao. Nilitamani ardhi inimeze.

Chairman akatazama ile mikono, akatazama ubao. "Boss, mimi sichezi na mtu kwa huruma. Nitakuchapa vile nachapa hawa wengine."

"Nani amekuomba huruma? Weka mechi."

Kimani akafungwa mabao mawili haraka haraka. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Halafu nikaona bega lake limeshuka, limelegea. Akarudisha moja. Akarudisha ya pili. Banda likalipuka. Zikiwa zimebaki dakika chache za mchezo, kitufe cha kupiga shuti kikafa. Alibonyeza, akabonyeza tena, akageuka kunitazama, na sijawahi kuona macho kama yale. Alidhani ni mkono wake.

Nikajirusha chini ya meza. Waya ulikuwa umeng'oka pale nilipouchomea mimi, Baba, kwa hivi vidole vyangu kumi unavyovisifu. Hakukuwa na muda wa kuchomelea. Nikaushika waya nikaukandamiza pale pale kwa kucha. "Piga!" nikapaza sauti. "Ni waya, si wewe! Piga!"

Bao lenyewe sikuliona. Nililisikia tu, miguu ya watu ikiruka mbele ya uso wangu.

Nilipotoka, Chairman alikuwa amesimama, amekasirika kabisa. Akaushika mkono wa kushoto wa Kimani, ule ulioshikana, akautikisa vile unavyoutikisa mkono wa mtu aliyekushinda. "Umeniweza, manze. Lakini kesho narudi, usitoroke." Hakufikiria. Kimani akabaki ameuacha mkono hewani hata baada ya mwenzake kuachilia. Na mimi niliyekwisha kumwambia nitaolewa naye, nilikuwa bado namshika kiwiko kama wengine. Niliona aibu mpaka nikalia mbele ya wateja.

Baba, mwisho wa mwezi tunakuja na mjomba wake. Mama hatampa mkono, mila ya mkwe inajulikana, na Kimani ameshaelezwa. Kwa hiyo umebaki wewe. Ukikataa posa, kataa kwa maneno na tutakaa tuzungumze. Lakini ukimnyima mkono mlangoni kwako, mbele ya mjomba wake, atauweka mfukoni na sitaweza kuutoa tena. Hilo ndilo ninaloliogopa, si lingine.

Nisalimie Mama, mwambie ile leso niliyomwahidi nimeshainunua. Nisalimie bibi yetu, Kukhu, umwambie bado nakula vizuri. Kaka mdogo aache kulala, afunge lile paa la jikoni kabla hatujafika, na shangazi wa ng'ambo ya mto asitangaze habari hizi kanisani kwanza.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine. Ni mkono wa Kimani, ule wa kushoto, kwa rangi ya magunia. Ni yeye aliyesema nikutumie, ushtuke ukiwa peke yako. Uweke mezani, Baba, ufunge mlango, na uweke mkono wako juu yake.

Ni mimi binti yako, uliyenifundisha kushika bisibisi,

Nafula