Bati Moja Moja

Susu,

Mjukuu wako sasa ndiye mtu mwenye akili kuliko wote, kutoka Katelembo hadi Machakos mjini. Usicheke huko uliko. Shule niliacha kidato cha pili, lakini mambo ya pesa za nchi nayajua kuliko mawaziri. Wanipe wizara wiki moja tu, watakuja kuniamkia.

Leo nimepita kwa Mama Wanjiru, pale ulipokuwa unanunua bati moja kila ukiuza mbuzi, unakuja kuliegemeza nyuma ya ghala. Duka limefungwa. Nimekasirika hadi nikagombana na kufuli.

Ulikufa ukiuliza pesa yako ilipatwa na nini. Basi sikia. Wakati wa kura, wakubwa walichapisha noti kama kadi za harambee. Mpya, zinanuka wino. Lakini mahindi yaliongezeka? Mabati yaliongezeka? Noti nyingi zikawa zinafukuzia bati lile lile, bei ikapaa. Halafu wakashtuka, ati pesa imezidi, wakapandisha riba ili waifyonze. Na nani alifyonzwa? Mama Wanjiru, aliyekuwa anakopa ndio alete mali. Akauza hata mizani ya misumari. Wenye pesa zao nao wakaikopesha serikali kwa riba hiyo hiyo, wanalipwa wakiwa wamelala. Walioharibu hawajakosa sukari kwa chai hata siku moja. Inaniuma, Susu.

Ulikuwa na mabati kumi na moja, yamebaki tisa nyumba iishe. Nikakucheka mbele ya majirani. Nani anajenga kwa bati moja moja kama anashona viraka? Weka pesa kwa mkebe, nikasema, tutanunua yote siku moja, tupunguziwe bei. Uliniambia, "Mwana wakwa, mwanangu, bati halinywei kama pesa." Lakini ukaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekusomea barua zako.

Tulipofungua mkebe, pesa ya mabati tisa ikanunua mawili. Mvua ya Novemba ikakukuta chini ya nyasi zinazovuja, na kifua chako ulikijua, hakikustahimili baridi ile.

Leo nimenunua moja, duka lingine, nimelibeba kichwani hadi nyumbani. Nitaongeza moja kila nikipata kibarua, mpaka nyumba yako iezekwe, hata kama hakuna wa kulala ndani. Pumzika pakavu, Susu.

Hao wa Nairobi nitawatukana hadi nizeeke. Lakini wao hawakukujua. Aliyekuambia uache kununua mabati ni mimi.